Chemirocha: Mfunga Breki wa Treni Aliyeimba Hadi Pumzi ya Mwisho

Jarida letu limekwisha kutuletea maisha ya mashujaa wengi: Mekatilili wa Menza, Shaaban Robert, Tom Mboya na wengineo. Mwaka huu mlezi wa chama alipotutaka kila mmoja atafute mtu wake wa kuandika, mimi nilipeleka jina la Mzungu mmoja wa Marekani ambaye hakuwahi kukanyaga bara la Afrika. Wenzangu wa Kidato cha Tatu waliangua kicheko, nusura waanguke madawatini. Eti mwanachama wa Chama cha Kiswahili anaandika habari za mwimbaji wa kantri! Nilinyamaza tu. Nilijua kwamba mtu huyo ana jina la kwetu, tena nililisikia kabla sijajua kusoma a e i o u.

Jina lenyewe ni Chemirocha.

Nyanya yangu mzaa mama, ambaye sisi humwita Kogo, anaishi karibu na Kapkatet, kule Kericho kwenye majani chai. Tulipokuwa wadogo na kwenda kwake likizo ya Desemba, jioni alikuwa akituhadithia karibu na moto. Katika hadithi zake mlikuwa na kiumbe mmoja, juu mtu na chini swara, aliyejua kucheza kuliko viumbe wote. Huyo ndiye Chemirocha. Mimi na dada zangu tulimwogopa, lakini pia tulitamani tumwone japo mara moja. Nilidhani ni mwanamke, kwa sababu majina ya wasichana wa Kikipsigis huanza hivyo hivyo: Chemutai, Chelangat, Chepkoech. Ni miaka mingi baadaye, hapa Nairobi, nilipojua ukweli, na aliyenifumbua macho ni mjomba wangu.

Mjomba anakaa Kangemi, vyumba vitatu kutoka kwetu. Kazi yake ni gitaa. Kwa miaka mingi amekuwa akishuka Waiyaki Way jioni, gitaa mgongoni, kwenda kupiga katika vilabu vya Westlands, hasa siku ambazo wateja wanataka kantri. Msomaji ukiwa mgeni utashangaa, lakini Wakenya wanaupenda muziki huu ajabu. Jim Reeves alifariki katika ajali ya ndege mwaka 1964, na mpaka leo ukipanda matatu Jumapili asubuhi utamsikia. Kenny Rogers na Dolly Parton wanajulikana hata na wazee wasiojua neno la Kiingereza. Juu ya kitanda cha mjomba kuna picha iliyokatwa gazetini: mwanamume mwembamba, masikio makubwa, kofia ya mfanyakazi wa reli kichwani, gitaa pajani. Nilipomwuliza ni nani, aliniambia kwamba huyo ndiye swara wa Kogo. Nilidhani ananitania.

Hakuwa akinitania. Mtu yule alikuwa Jimmie Rodgers, baba wa muziki wa kantri.

Jimmie alizaliwa tarehe 8 Septemba 1897, na Meridian, mji wa reli katika jimbo la Mississippi, ndio aliouita kwao. Ili upate kukadiria, reli yetu ya kutoka Mombasa ilifika Nairobi mwaka 1899, kwa hiyo mtoto yule alikuwa bado hajatimiza miaka miwili huku kwetu mji wenyewe ukiwa ni mahema na matope. Baba yake, Aaron Rodgers, alikuwa msimamizi wa vibarua wa kutengeneza reli. Mama yake aliaga dunia Jimmie akiwa mtoto mdogo, naye akalelewa huku na huku na jamaa, nusu ya wakati akiwa barabarani. Shule hakuipenda hata chembe. (Walimu wangu mnisamehe, naandika yaliyokuwa.) Alipokuwa na umri wa kama miaka kumi na miwili hivi alishinda shindano la kuimba mjini kwao, kichwa kikavimba, akatoroka nyumbani na kundi la wauza dawa. Hao walikuwa watu wa kuzunguka mijini, wakipiga muziki ili umati ukusanyike, kisha wauziwe machupa ya dawa zisizotibu kitu. Baba alimfuata, akamrudisha, akampa achague kati ya shule na reli. Jimmie akachagua reli.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwapelekea vibarua maji ya kunywa. Hapa ndipo pa muhimu, na ningeomba usipapite haraka. Vibarua wale wengi wao walikuwa watu weusi, watoto na wajukuu wa waliokuwa watumwa. Walifanya kazi wakiimba, mmoja akitoa na wengine wakipokea, nyundo na mitaimbo vikipiga mdundo, kama wavuvi wavutao jarife huko Pwani. Mtoto yule mwenye ndoo ya maji alizisikia nyimbo hizo siku kutwa. Wao ndio waliompa bluzi, na inasemekana ni wao pia waliomwonyesha jinsi ya kushika nyuzi wakati wa mapumziko. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba kantri ni muziki wa Wazungu watupu, mwulize hayo maji yalipelekwa kwa nani.

Na si nyimbo tu. Hata banjo, ambayo watu wengi wakiiona wanafikiria mkulima wa Kizungu mwenye kofia pana, chimbuko lake ni Afrika Magharibi. Watumwa hawakuruhusiwa kubeba mali, lakini akili hainyang'anywi. Walipofika ng'ambo walichukua kibuyu, wakakiwamba ngozi, wakatia mpini na nyuzi kama walivyofanya kwao. Baadaye, katika karne ya 19, viwanda vilianza kutengeneza banjo zenye duara la mbao na chuma. Fidla ililetwa na Wairishi na Waskoti. Gitaa lilichelewa kuingia kwa watu wa milimani na mashambani, hadi makampuni makubwa ya Chicago yalipoanza kuuza vitu kwa posta, unachagua kwenye kitabu, unatuma pesa, unaletewa na treni. Nyuzi za chuma zikachukua nafasi ya zile za utumbo wa mnyama, na sauti ikawa kali zaidi. Kisha, baada ya maonyesho makubwa ya mwaka 1915 kule San Francisco, Marekani nzima ikawa na wazimu wa gitaa la visiwa vya Hawaii, ambalo hulazwa mapajani na kutelezeshwa kipande cha chuma juu ya nyuzi mpaka linalia kama mtu. Vitu hivi vyote vilikuwa vikitembea katika reli moja na Jimmie.

Alipokua alipanda cheo akawa mfunga breki. Ni kazi ya hatari. Ukiteleza kati ya mabehewa, umekwisha. Akawa anahamishwa hamishwa, mara ana kazi, mara hana. Mwaka 1917 alioa, ndoa ikavunjika upesi. Mwaka 1920 alimwoa Carrie Williamson, binti wa mhubiri, wakajaliwa mabinti wawili, Anita na June. Pesa zilikuwa za shida. Mwaka 1923, Jimmie akiwa mbali akitafuta riziki, June akafariki angali mchanga. Inasimuliwa kwamba baba mtu aliweka banjo yake rehani ili apate nauli ya kurudi kumzika mwanawe.

Mjomba aliponieleza kisa hicho alikohoa, akageuka ukutani. Wakati huo sikufahamu.

Mwaka uliofuata, 1924, Jimmie alitapika damu. Daktari akasema ni kifua kikuu. Kijidudu cha ugonjwa huo kilikuwa kimegunduliwa mwaka 1882, lakini dawa ya kukiua haikuwapo. Mgonjwa alishauriwa kulala, kula vizuri, kupata hewa safi na kungoja. Wengi walingojea kifo. Jimmie hakuwa mtu wa kulala. Alijaribu Arizona kwa ajili ya hewa kavu, akarudi. Kazi ya reli ikamshinda kabisa. Hebu fikiri: mtu ana mapafu yaliyooza, anaamua kwamba atakula kwa kuimba! Ungedhani ni mzaha. Lakini mikono iliyokuwa haiwezi tena kufunga breki iliweza kushika gitaa, na hilo ndilo lililobaki.

Kwa wakati huo muziki wa mashambani ulikuwa umeanza kuwa biashara. Mwaka 1923 bwana mmoja aitwaye Ralph Peer alimrekodi mpiga fidla John Carson huko Atlanta, na wenye makampuni wakashangaa sahani hizo zilivyonunuliwa. Kuanzia mwaka 1925 wakaanza kurekodi kwa maikrofoni ya umeme. Kabla ya hapo mwimbaji alipiga kelele ndani ya pembe kubwa kama la tarumbeta, na mwenye sauti ndogo alipotea. Maikrofoni iliwafaa watu kama Jimmie, ambaye hangeweza kupaaza sauti bila kukohoa. Aliimba kama anayekusimulia jambo mkiwa wawili.

Mwaka 1927 Peer alifika Bristol, mji ambao barabara yake kuu ndiyo mpaka wa majimbo mawili, upande huu Tennessee, upande ule Virginia. Akafungua mitambo yake katika jengo lililokuwa la kampuni ya kofia na kuwaita wanamuziki. Tarehe 1 na 2 Agosti waliimba jamaa wa Carter, akiwemo Maybelle Carter aliyepiga wimbo wenyewe kwa dole gumba katika nyuzi nene huku vidole vingine vikitikisa nyuzi nyembamba. Jimmie alikuja na bendi, lakini usiku wa kuamkia siku yao waligombana kuhusu jina litakaloandikwa kwenye sahani. Bendi ikamwacha. Tarehe 4 Agosti 1927 aliingia peke yake, yeye na gitaa lake, akarekodi nyimbo mbili na kulipwa dola 100. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Nyimbo hizo hazikuvuma sana. Jimmie hakungoja kuitwa, alijipeleka mwenyewe kaskazini kumtafuta Peer, na mwezi wa Novemba mwaka huo huo akarekodi wimbo wa kwanza kati ya zile zilizokuja kujulikana kama Blue Yodel. Hapo ndipo nchi nzima ilipogeuza shingo. Alichanganya bluzi ya vibarua wa reli na yodeli, yaani ule mlio wa watu wa milima ya Alps, ambapo sauti inatoka kifuani na kuruka ghafla kichwani, ikirudi na kuruka tena. Jaribu uone, ni kazi. Sisi tulijaribu nyuma ya maabara na mwalimu wa zamu akadhani kuna mtu anaumwa.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda mbio kama treni isiyo na breki. Sahani zake ziliuzwa kwa malaki. Alirekodi na mpiga gitaa la Hawaii, na bendi za jazi, na ukulele, hakubagua chombo. Mwaka 1929 alitokea katika filamu fupi, amevaa kofia yake ya reli. Mwaka 1930, huko Los Angeles, alirekodi Blue Yodel ya tisa pamoja na Louis Armstrong akipuliza tarumbeta na Lil Hardin Armstrong kwenye piano. Hawa walikuwa weusi, na siku zile katika sehemu kubwa ya Marekani mweusi na mweupe hawakuruhusiwa hata kukaa benchi moja. Gitaa lake la aina ya Martin lilikuwa na jina lake shingoni, na mgongoni liliandikwa neno la kushukuru kwa herufi kubwa, kichwa chini miguu juu. Akimaliza kuimba aliligeuza, watu wakasoma, wakapiga makofi. Mjomba naye ameandika ASANTENI kwenye gitaa lake kwa rangi ya kucha ya shangazi.

Alijenga nyumba kubwa Kerrville, Texas, lakini matibabu na matumizi yakaimeza, akaiuza. Mwaka 1931 alizunguka na mchekeshaji Will Rogers kuchangisha pesa za kuwasaidia waliopatwa na ukame. Mwaka huo huo alirekodi wimbo kuhusu kifua kikuu chake mwenyewe. Hakuficha. Hilo ndilo jambo ninalomheshimia kuliko sahani zote zile.

Mwezi wa Mei mwaka 1933 alikwenda New York kurekodi mara ya mwisho. Alihitaji pesa za kumwachia mkewe na binti yake. Alikuwa dhaifu hata wakamtandikia kitanda ndani ya studio, anaimba wimbo mmoja, analala, anaamka, anaimba mwingine. Alimaliza tarehe 24 Mei, tena wimbo wa mwisho kabisa akiwa peke yake na gitaa, kama alivyoanza Bristol. Usiku wa kuamkia tarehe 26 akafariki hotelini. Alikuwa na miaka 35. Maiti yake ilirudishwa Meridian kwa treni. Kwa muda usiofika miaka sita alikuwa amerekodi nyimbo zaidi ya 100. Mwaka 1961, ukumbi wa heshima wa muziki wa kantri ulipoanza kuingiza majina, lake lilikuwa miongoni mwa matatu ya kwanza.

Sasa, alifikaje Kapkatet? Kwa gramofoni, bwana. Wageni walikuja nazo, zile za kuzungushwa kwa mkono, zisizotaka umeme. Ulikuwa wakati wa santuri kila mahali, na Siti binti Saad wa Unguja alikwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, hata mwaka haujaisha tangu Jimmie alipoimba Bristol. Wakipsigis walisikia sauti inayoruka na nyuzi zinazolia, wakalijua jina kwa masikio tu, nalo likageuka ulimini: Jimmie Rodgers, Chemirocha. Mwaka 1950 Mwingereza Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika kurekodi ngoma za kienyeji, alifika kwao na kuwakuta na nyimbo za Chemirocha. Wimbo uliojulikana zaidi uliimbwa na wasichana, ukisindikizwa na kibugandet, chombo cha nyuzi cha ukoo mmoja na nyatiti ya Waluo, litungu ya Wabukusu na obokano ya Wakisii. Wasichana wanamkaribisha huyo nusu mtu nusu swara aje acheze. Hakuna gitaa hata moja mle ndani. Walichukua walichopenda, wakakiweka katika chombo chao. Mwaka 2015 wanamuziki na watafiti waliirudisha sauti hiyo Kapkatet, ikasikilizwa na wazee baada ya miaka 65.

Mkumbuke tu kwamba wasichana wale walipokuwa wakimwita Chemirocha aje acheze, yeye alikuwa kaburini kwa miaka 17. Hawakujua.

Nilitaka kuishia hapo, lakini mjomba ameniruhusu kuandika yanayofuata, kwa sharti kwamba nisitaje jina lake. Mwaka juzi kikohozi chake kilizidi. Alikonda. Jasho lilimtoka usiku. Sote tulijua, na sote tulijifanya hatujui, kwa sababu mpiga muziki anayesemekana ana TB haitwi tena kupiga mahali. Alikuwa anameza lozenji na kuimba. Mficha maradhi kifo kitamuumbua, tumeyaandika haya kwenye insha mara ngapi? Usiku mmoja nilimkuta nje ya choo akiosha kitambaa, na maji yalikuwa mekundu. Nilikuwa nimemaliza kusoma habari za mwaka 1924 jioni ile ile. Nilimwambia, kwa adabu lakini bila kupunguza, kwamba Jimmie hakuwa na dawa na yeye anayo, kwa sababu streptomaisini iligunduliwa mwaka 1943, miaka kumi baada ya Jimmie kufa, na dawa za leo ni miezi sita tu, tena katika vituo vya serikali hazilipiwi. Alinifokea. Aliniuliza tangu lini nikawa daktari. Siku tatu hatukusemezana. Siku ya nne aliniomba nimsindikize.

Alitibiwa miezi sita kamili. Sisi sote nyumbani tulipimwa pia. Kodi ilipomlemea aliweka gitaa rehani, na nilipoona ndoano tupu ukutani chini ya ile picha, nilikumbuka banjo ya mtu fulani. Mama aliligomboa mwezi wa nane. Mwanzoni mjomba alikuwa akipiga bila kuimba, pumzi haikutosha. Sasa anaimba, lakini anakaa kitini, na yodeli bado inamkatika katikati.

Desemba iliyopita tulikwenda kwa Kogo, nikamwekea simu sikioni na ile sauti ya mwaka 1950. Alisikiliza ameinamisha kichwa, akataka irudiwe, halafu akaimba pamoja nao, maana alifunzwa na dada zake wakubwa. Nikamweleza yote: Mississippi, reli, ndoo ya maji, mabinti wawili, kifua. Hakuuliza lolote kuhusu swara. Aliuliza kama yule mtoto aliyebaki, Anita, alipata mtu wa kumlea. Nikamwambia mama yake alikuwapo. Akatikisa kichwa, akamgeukia mjomba, akamwuliza kama amekwisha kula.